Mstari wa Pili

Kutoka kiti cha mbele alimtazama rafiki yake wa kufa na kuzikana akimaliza kujaza ubao, mkono mweupe kwa chaki hadi kwenye kiwiko.

“Kila nukta ina urefu sifuri,” profesa alisoma mstari wa pili, “kwa hiyo nukta zote pamoja zina urefu sifuri. Kumbe hata rula yangu haina urefu!”

Darasa likaangua kicheko.

“Nafasi ya uzamivu ni moja tu. Nani mwingine ameliona kosa?”

Kutoka kiti cha mbele akanyoosha mkono. Kule ubaoni rafiki yake akashusha pumzi, akatabasamu: si ndiye aliyemkagulia kazi hiyo jana, akamwambia haina doa?

“Safi! Umeliona upesi hivyo?”

“Hapana, profesa. Tangu jana.”