Yai la Kusalimia

Yai la mfuko wa kulia lilikuwa moto kuliko la kushoto, na msusi alikuwa akirukaruka sebuleni kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Tulia," bibi yake akamwambia. "Hilo la kulia ndilo la kazi. Ukisikia mlango, lifumbate. Lakini lishike kama yai, usilishike kama mgomvi wako."

"Bibi, naungua!"

"Ungua kidogo. Ndoa ina mengi ya kuunguza zaidi ya hilo."

Saluni walimwita Friji. Tangu aanze kuvuta pampu ya pumu, kifua kilifunguka, lakini mikono na miguu ikawa baridi kama maji ya mtungi. Akigusa kichwa cha mteja, mteja anaruka, mstari wa nywele unapinda. Daktari alimwambia hayo huwapata baadhi ya watu; asiache dawa, arudi kliniki waone kama ipo nyingine ya kumfaa.

Kliniki ilikuwa wiki ijayo. Mama wa mchumba wake alikuwa anakuja leo.

Na huyo mama alikuwa na historia. Msichana wa kwanza aliyepelekwa kwake hakufika hata kwenye kiti. "Walipeana mikono tu," mchumba alisimulia, "wakaachiana kama wameshika waya wa umeme. Mama hakutaka kumwona tena. Nikimuuliza, ananiambia mkono unasema kila kitu."

Ndiyo maana asubuhi ile msusi alitaka kuiacha pampu kabatini, kwa siku hiyo moja tu.

"Heri bi harusi mwenye mkono baridi kuliko maiti mwenye mkono baridi," bibi alisema. Akamletea pampu, akasimama mbele yake mpaka alipovuta. Kisha akainjika sufuria ya mayai.

Mlango ukagongwa.

Mama mtu alikuwa wa miraba minne, kajifunga mtandio mzito na jua lote lile. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama mkobani kama wa askari aliyeficha kirungu. Mwanawe alimfuata nyuma, jasho likimtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, lete mkono."

Msusi akaliachia yai, akautoa mkono. Mama naye akautoa wake mkobani. Wakashikana. Msusi alitarajia kishindo. Akakuta kiganja laini, chenye joto kama mkate uliotoka tanuri.

Mama akaushikilia mkono, akaugeuza, akautazama. Uso wake ukalegea.

"Mkono uliotulia," akasema. "Mzuri."

Mchumba akashusha pumzi hadi mapazia yakacheza.

Bibi akampisha mgeni kiti cha dirishani, palipopiga jua, akammiminia chai. Mama alikikumbatia kikombe kwa mikono miwili, kikaisha, akaomba kingine, nacho akakikumbatia. Katikati ya mazungumzo aliulizia choo, akaenda na mkoba wake, akarudi amechangamka.

"Kwa hiyo unasuka. Wateja wanakupenda?"

"Wenye kichwa kinachouma ndio hawamwachi," bibi akadakia. "Ana mkono wa kutuliza."

Msusi nusura apaliwe na chai. Muda wote alikaa na mikono mifukoni, kuku anayeatamia asingemshinda. Lakini mayai yalikuwa yakipoa, na mgeni alikuwa anajifunga mtandio. Kwaheri nayo ina mkono wake. Alilifumbata la kulia, lilikuwa vuguvugu tu. Akajaribu la kushoto, afadhali angeshika jiwe.

Mama akasimama. Msusi akafumba macho.

"Tusishikane tena," mama akasema haraka, mikono ndani ya mtandio. "Salamu moja kwa siku yatosha." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, huyu ukimwachia, usirudi nyumbani kwangu."

Walipotoka, bibi alicheka mpaka akakaa chini. Akayadai mayai yake, akayamenya yote mawili, akala moja na kumwekea mjukuu la pili.

Msusi alikuwa akikung'uta mto wa kiti cha dirishani kilipodondoka kitambaa cha mkono kilichofungwa fundo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na pampu ya pumu, na yai la kuchemsha.

Alikimbia nalo fundo hadi nje. Mama alikuwa keshageuka, anarudi peke yake huku akiupapasa mkoba, kifua kikianza kulia filimbi.

Msusi akamsogelea. Akamnyooshea pampu. Vidole vyao vikagusana, vitupu kwa vitupu, baridi kwa baridi.

Hakuna aliyeruka.