Kosa Lililopewa Tuzo

Mtengeneza programu alipanda jukwaani kupokea tuzo. Jaji alikuwa akiisifu programu yake ya kuita wagonjwa hospitalini.

"Humwita kila mtu mara mbili, hata mwenye masikio mazito haachwi nyuma. Huu ndio ubunifu!"

Msichana akaduwaa. Kule kuita mara mbili kulikuwa kosa lake, lililomnyima raha mwezi mzima.

Akakabidhiwa tuzo ya kioo.

"Wazo hili ulilitoa wapi, binti yangu?" jaji akauliza.

"Lilikuwa kosa."

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Wakadhani ni unyenyekevu.

"Jamani, nimeshaliondoa. Leo asubuhi."

Mzee mmoja, mgonjwa aliyealikwa kutoa ushuhuda, akasimama taratibu.

"Sasa mjukuu wangu, sisi tutasikiaje?"