Mawe ya Baba

Chupa ya jemu ilikuwa mezani, kati ya mkate na birika la chai. Ndani yake hamkuwa na jemu. Mlikuwa na vijiwe vya kijani, vingine vidogo kama njegere, vingine vikubwa kama zabibu, vimelala katika maji yenye utando wa mafuta.

"Mawe haya yametoka juzi," baba alisema huku akimega mkate. "Mfululizo, hadi alfajiri. Tumbo halina siri, mwanangu."

Binti alijua yametokea wapi. Alikuwa mkemia wa kiwanda cha sabuni, na pua yake ilikwisha kuzoea mapipa ya mafuta yaliyooza. Lakini mapipa hayakai kando ya siagi. Baba aliichota siagi hiyo, akaipaka nene kwenye kipande cha pili, akala kwa raha zake.

Shangazi ndiye aliyempigia simu: "Njoo umwone baba yako na mawe yake. Mimi yamenishinda." Binti aliomba ruhusa kazini siku hiyo hiyo. Mwaka uliopita dereva wao wa kiwandani alikataa kupasuliwa mawe ya nyongo, akanywa mafuta na ndimu badala yake. Kifuko cha nyongo kilimpasukia tumboni, akafa. Binti hakuwa tayari kumzika baba yake kwa ujinga uleule.

"Maumivu yanakuwa wapi?"

"Huanzia hapa," baba aliweka kiganja chini ya mbavu za kulia, "kisha yanapanda begani. Hasa ukila mafuta." Alikuwa mwalimu mstaafu, hata maumivu aliyaeleza kama yuko mbele ya ubao.

"Na dawa yenyewe ni nini?"

"Unaanza na haluli, uharishe. Kisha mafuta ya zeituni kikombe kizima na maji ya ndimu. Unalala ubavu wa kulia, ini linajisafisha."

"Ini halisafishwi na ndimu, baba."

"Mwambie na hili," shangazi aliingilia kutoka jikoni. "Asiweke chupa zake kwenye friji yangu! Jana nimefungua nikadhani zeituni. Kidogo nionje!"

"Nje yanalainika," baba alijitetea.

Binti alisimama. "Yanalainika? Jiwe gani hilo linalolainika?"

Glavu hazikuwepo, akavaa mifuko ya plastiki mikononi. Aliopoa mawe matatu kwa kijiko, akayaweka kwenye kisahani, akakiweka kisahani juu ya sufuria ya maji yanayochemka.

"Maji ya moto hayaunguzi nyumba," shangazi alisema, "lakini kisahani hicho ni cha wageni."

Harufu ilipanda: mafuta yaliyochacha, na chini yake ile nyingine isiyohitaji jina. Mawe yalitoka jasho, yakalegea, yakawa kidimbwi cha kijani. Shangazi aliziba mdomo akakimbilia uani, wakamsikia akitapika. Baba alivaa miwani, akasogea karibu zaidi.

"Sabuni," binti alisema akihema kwa mdomo. "Mafuta yamekutana na majimaji ya tumboni, yakagandana. Hayakuwahi kukaa kwenye ini. Dawa yenyewe ndiyo iliyoyatengeneza. Mawe ya kweli hayayeyuki hivi, na bado yako palepale, yanangoja siku yake."

"Kwa hiyo chupa ikiachwa juani..."

"Yatayeyuka."

"Ala! Kumbe ndiyo maana." Baba alikichungulia kisahani. "Na kitu gani kingeyafanya yawe magumu?"

Binti alifarijika. Baba yake, mbishi wa kubishana hata na saa ya ukutani, alikuwa anauliza swali. "Chokaa. Hata chaki ya ubaoni. Kiwandani maji yakiwa na chokaa nyingi, sabuni inafanya chembechembe kama changarawe."

"Chaki," baba alirudia taratibu, kama mwanafunzi anayenakili.

"Kesho twende hospitali ukapigwe picha ya tumbo."

"Twende."

Alikubali hivyo tu, bila ubishi. Binti alitupa kijiko na kisahani kwenye pipa la taka, akanawa mikono hadi ngozi ikamwasha.

Asubuhi yake, mpiga picha wa hospitali alipitisha kifaa juu ya tumbo la baba, akarudia mara ya pili kwa kuwa binti alisisitiza.

"Kifuko cha nyongo ni safi. Hakuna jiwe wala dalili kwamba liliwahi kuwepo. Mzee, una ini la kijana!"

"Najua," baba alisema, akajifuta jeli na kufunga vifungo.

Binti alitoka na karatasi ya majibu mkononi, akiisoma upya huku akitembea. Katika ukumbi wa nje mwanamke mmoja aliinuka kwenye benchi. Alikuwa amekonda, weupe wa macho yake umegeuka njano kama kiini cha yai, na kiganja chake kilibana mbavu za kulia. Alimpita binti, akaushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili.

"Daktari! Afadhali nimekukuta. Nimetoka kuwaambia wa hapa hospitali kwamba hawanipasui tena, kama ulivyosema." Alifungua mkoba, akatoa chupa ya jemu iliyofungwa kwa kitambaa. "Na haya ni ya jana."

Baba aliipokea, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza taratibu.

"Yamelegea kidogo," alisema. "Dozi ijayo nitatia chaki."