Yuko Chimbo

Hakuzikunja. Mashati, suruali, hata suti ya harusi, mke wa karani alizisokomeza zote kwenye begi kama mtu anayeshindilia pamba kwenye gunia.

"Dada, hebu pumua kwanza," mdogo wake alimwambia kutoka mlangoni. "Huyo mwanamke amesemaje?"

"Amenipigia kwa simu ya mume wangu, unasikia? Simu ya mume wangu! Eti, 'Dada, mumeo yuko huku chimbo. Njoo umchukue.' Kabla sijafungua mdomo, ikakatika."

Mdogo wake akashika kiuno. Chimbo! Nani asiyejua chimbo? Ndiko wanaume wanakojificha na vimada wao, wakiwadanganya wake zao kwamba wako kikaoni. Mtaani hata watoto walikuwa wakilitaja neno hilo na kuchekana.

"Nilihisi tu," mke wa karani alisema. "Mwanamume gani anarudi kutoka kazini ameshaoga? Kila jioni ananukia sabuni isiyo ya nyumbani kwangu. Baada ya ile simu nikapiga ofisini kwake. Unajua wamenijibu nini? Walimpunguza kazi zamani! Na asubuhi hii nimempigia pasi shati, nikamfunga tai kwa mikono yangu hii."

Akakaa kitandani, akalia kile kilio kisicho na sauti, kinachotikisa mabega tu. Alimpenda yule mtu. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa hampendi, angebadilisha kitasa, akaendelea na mapishi yake.

Simu ikaita tena. Sauti ileile, inahema.

"Dada, umeshatoka? Mwambie wa pikipiki akulete chimbo la juu, nyuma ya kituo cha mafuta. Tunakusubiri."

"Nakuja! Na nguo zake nakuletea zote!"

Yule mwanamke akajibu taratibu:

"Utakuwa umefanya vizuri, dada."

"Hana hata haya!" mdogo wake akamaka.

Njia nzima mke wa karani alipanga matusi, begi amelipakata mapajani. Lile zito kuliko yote alimwekea mumewe: angemwambia mbele ya huyo kimada wake kwamba hakuwahi kumpenda. Alitarajia kukuta baa, au nyumba ya wageni yenye mapazia mazito.

Pikipiki ikakipita kituo cha mafuta, ikaacha lami, ikapanda mlima, ikasimama ukingoni mwa shimo kubwa la kuchimba mawe.

Hakuna nyundo iliyokuwa ikilia. Wanaume wenye vumbi hadi kwenye kope walisimama chini ya ukuta wa mwamba uliomeguka upya, sululu zimelala miguuni mwao. Katikati yao kulikuwa na turubai, limefunika kitu kirefu.

Mwanamke mmoja, mponda kokoto, akapanda kumfuata taratibu. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka, vidole vinavuja damu. Akalipokea begi kwa mikono miwili.

"Pole, dada yangu," alisema. "Afadhali umekuja na nguo. Tulikuwa hatujui tumvalishe nini."