Viwango Vipya na Baa ya Hitimana

Mtu wa kwanza kulalamikia viwango vipya vya elimu hakuwa mzazi wala mwalimu. Alikuwa Hitimana, mwenye baa.

Wateja wake wa jioni walikuwa wamemkimbia. Wanaume waliozoea kutoka mpakani na kuegemea kaunta yake mpaka wake zao wawasahau, sasa walipita mlangoni upesi, wakampungia mkono, na kwenda zao nyumbani. Hitimana akabaki na mishikaki yake juu ya makaa, na hasira zake.

Kisa kilianza kwenye kikao cha wazazi wa mtaa. Kulikuwa na uvumi kwamba shule za Gisenyi zimeletewa viwango vipya, ila hakuna aliyejua ni vya namna gani. Mwenyekiti, mzee Bizumuremyi, alimgeukia Joanita, aliyekulia Uganda na kukijua Kiingereza kuliko wote.

"Mama Mutesi, bon, we njo utatusaidia. Uende ofisi ya secteur, uulize, urudi utuambie. Sisi tutasoma makaratasi yao namna gani?"

Joanita alikwenda kwenye ofisi hiyo ya kata, akarudi. Kwenye kikao kilichofuata alisimama mbele ya watu, akashika kiuno, akaeleza yote kwa kichwa. Kila jioni, kabla ya chakula, mtoto atamsomea baba yake kwa sauti. Baba awe amekaa. Baba awe anasikiliza, si kuchezea simu.

"Juu ya nini isikuwe mama?" mwanamume mmoja akauliza.

"Banasema utafiti," Joanita akajibu.

"Na kama baba amekunywa kidogo?"

Joanita alifikiri. "Mutoto anakatwa alama."

Wanaume waliingiwa na baridi. Hakuna baba anayetaka kusikia kwamba mwanawe amefeli kwa sababu ya chupa mbili. Wiki hiyohiyo, kila jioni, mtaa mzima ukawa sauti za watoto wakisoma, wengine mbio, wengine wakikwama kila neno na baba zao wakikwama pamoja nao. Shuleni walimu waliona watoto wanasoma vizuri ajabu. Wakadhani wazazi wamepata akili, wakanyamaza.

Aliyebadilika kuliko wote alikuwa Valentin, mume wa Joanita. Valentin huvusha viazi vya Mudende kwenda Goma, na miaka yote alikuwa akitoka mpakani moja kwa moja mpaka kwa Hitimana. Mutesi, binti yao wa darasa la tatu, alimngoja mezani hadi usingizi ukamchukua, shavu juu ya kitabu. Baba alimfahamu mtoto wake akiwa amelala tu. Jambo hilo lilimuuma Joanita kuliko yote aliyoyavumilia katika ndoa ile, na hayakuwa machache.

Sasa Valentin alinawa miguu, akaketi, akasikiliza. Mutesi alisoma kwa Kiingereza habari za sungura, baba akauliza neno hili maana yake nini, mtoto akamcheka, na baba naye akacheka. Joanita alikuwa jikoni na maharage yake, anawasikia, na furaha imemjaa mpaka alitia chumvi mara mbili.

Lakini Hitimana hakuwa mtu wa kunyamaza. Alimvizia Valentin njiani.

"Mon vieux, hii viwango ililetwa na bibi yako. Iko mutu ingine aliyeiona? Uende ofisi, uulize we mwenyewe. Watoto wangu balishamaliza shule, donc mi ninaumia bure."

Jioni hiyo Valentin alimwambia mkewe, "Kesho nitapita ofisini. Watu banataka kujua kama njo vile."

"Kule iko foleni kubwa, Papa Mutesi. Utapoteza siku."

"Nitangoja."

Joanita alikosa usingizi. Siku ile aliyotumwa, alikuta ofisi ina kufuli. Afisa elimu alikuwa kwenye semina huko Kanama. Alikwenda kukaa kando ya ziwa, akanunua hindi la kuchoma, akaona aibu kurudi mikono mitupu. Basi viwango vyote alivitunga pale pale, akimfikiria mwanamume mmoja tu. Hakukusudia kuwabeba hata waume wa wenzake. Na sasa mwanamume huyo alikuwa anakwenda kuambiwa kwamba alidanganywa. Angerudi kwenye kaunta yake, na safari hii angekuwa na haki.

Kesho yake jioni Bizumuremyi aliita kikao, na watu wakajaa. Hata Hitimana alikuja, amevaa shati la kushinda kesi. Joanita alikaa karibu na mlango. Valentin aliingia mwisho, vumbi la pikipiki usoni, akapita mbele ya mkewe bila kumtazama.

"Umemukuta afisa?" Bizumuremyi akauliza.

"Nimemukuta. Nilimueleza yote, kimoja kimoja, na yeye akanieleza yote."

Hitimana akasogeza kiti chake mbele. Joanita akatazama miguu yake.

"Viwango njo vile vile," Valentin akasema. "Ila Mama Mutesi alisahau kimoja." Hapo akageuka, akamtazama mkewe. "Mutoto akisoma, mama naye aache sufuria, akuje akae hapo karibu na bwana yake."