Mkono wa Fainali

Mji mzima uliamini kuwa Sikudhani ana mkono wa fainali. Mechi za kawaida alikosa kama wengine, lakini kombe likigombewa, walisema, mpira unamtii.

Fainali ya mpira wa pete ya mwaka huo, timu yake ilikuwa nyuma kwa goli moja, na filimbi ya mwisho ilimkuta ana adhabu ya kurusha. Akifunga, wataongezewa muda. Akikosa, kombe limekwenda.

"Wala usihofu, hii ni fainali," nahodha wake, Mwanaidi, alimnong'oneza.

Sikudhani alikausha viganja kwenye sketi, akarusha. Mpira ukagonga pete, ukaizunguka, ukaangukia nje.

"Pete imepinda!" mtu akapiga kelele.

"Haijapinda," Sikudhani akasema. "Nimekosa tu."

"Wewe hukosi fainali," Mwanaidi akamjibu kwa ukali.

Wanaume wawili wakaleta meza, wakapanda, wakaivuta pete mpaka ikapinda kweli. Watu wakawashangilia.

"Bado kidogo!" wakaelekeza.

Sikudhani akasogea karibu, mpira kwapani, akainua kidole kuwaonyesha mahali pa kuivuta zaidi.