Picha Isiyo na Ng'ombe

Ng'ombe hakuwepo. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Nasieku alipoonyeshwa picha pale bomani kwa Wajerumani, kabla hajaambiwa neno.

Picha yenyewe aliijua vizuri. Mzungu mmoja mpita njia, mwenye sanduku la miguu mitatu, aliwapiga picha siku ya sherehe ya rika la vijana wa Kiarusha. Nakala moja ndogo, ukubwa wa kiganja, ilitundikwa nyumbani kwa mmisionari, ambako Nasieku alipeleka maziwa kila asubuhi. Kule ilikaa kando ya picha ya mchungaji aliyebeba mwanakondoo, na kila mgeni aliyeitazama alitabasamu. Walikuwamo vijana saba wameinua mikuki wakiimba, maksai mweusi aliyenona wa kuchinjwa, na pembeni wanawake wakipiga vigelegele, Nasieku mwenyewe akiwa na shanga zake zote shingoni.

Hii ya bomani ilikuwa kubwa kama ngozi ya mbuzi. Wanawake walikuwa wamekatwa. Maksai amekatwa. Walibaki wanaume saba, mikuki juu, vinywa wazi, na ukiwatazama hivyo, hata wewe uliyewazaa, ungesema wanakwenda kuua mtu. Kila kichwa kilizungushiwa wino mwekundu. Kichwa cha tatu kilikuwa cha mwanawe.

Chini yake palikuwa na maandishi. Mkalimani, mtu wa Pangani mwenye kanzu safi, alimsomea: wauaji wa Meru.

Askari mmoja alikuwa ameokotwa amekufa kando ya mto Themi. Nani kamuua, hakuna aliyejua, na bwana mkubwa wa boma, Mjerumani, hakuwa na subira ya kutafuta. Picha anayo, na kamba ya kunyongea ilikwisha kufungwa nje ya lango. Kilichopungua ni majina.

Mkalimani alimweleza taratibu, kama mtu anayemwonea huruma. Akiwataja, watachukuliwa hao saba tu. Asipowataja, atakamatwa kila kijana kuanzia mtoni hadi msituni, na nyumba zitatiwa moto. Na kwa vyovyote yeye mwenyewe atakaa ndani mpaka wapatikane.

"Mmisionari anasema unawajua wote, mama. Umo kwenye picha yake."

Nasieku aliomba maji. Akanywa funda moja, akaifuta midomo. Kisha akaweka kidole kwenye kichwa cha kwanza, akasita, akatema mate kidogo kifuani pake, ndipo akasema: Simel. Mkalimani akaandika. Cha pili akatema tena: Saruni. Akaruka cha tatu, akaendelea na wa nne na wa tano, bila haraka, kila mmoja na habari zake. Huyu alikuwa fundi wa ngao. Huyu alikuwa mlafi wa asali, hata mama yake alikuwa akimficha mzinga.

"Alikuwa, alikuwa," mkalimani akamdhihaki. "Ushamzika, na kamba haijamgusa bado?"

Nasieku alimaliza wa sita na wa saba.

"Na huyu wa tatu, mbona umemruka?"

Kidole kilirudi polepole mpaka juu ya uso ule. Bwana mkubwa akaanza kugonga meza. Mate yalimkauka, ilibidi ayatafute.

"Lerionka," alisema. "Mwanangu."

Kalamu ikasimama. Mkalimani naye alikuwa na mama kwao Pangani. Alimtazama, akainamisha uso, akaandika. Bwana mkubwa alipofasiriwa aliagiza mwanamke huyu apewe kitambaa cha amerikani. Alikipokea kwa mikono miwili wala hakukikunjua.

Walimfungia chumba cha chokaa. Jua lilikuwa bado utosini askari walipotoka na orodha yao. Ni watu wa mbali, hawakujua nyumba ya nani ni ipi, kwa hiyo walifanya kama walivyozoea: kusimama juu ya kila kilima na kuyaita majina kwa sauti kubwa, mtu ajitokeze mwenyewe.

Nasieku aliweka sikio kwenye tundu la ukuta. Simel. Saruni. Lerionka. Yaliitwa yote saba, yakarudiwa, yakasogea juu zaidi migombani. Kwenye lile jina la tatu alifumba macho kila lilipoitwa.

Aliyasikia yakipanda kilima hadi kilima, akajua kwamba kila anayeyasikia ameelewa onyo na kukimbia, na hakuna nyumba itakayokutwa na mtu. Waarusha hawatamki jina la marehemu, na anayelazimika hutema mate kwanza; na wale saba aliowataja, akiwamo Lerionka kifungua mimba wake, kaka wa huyo wa pichani, walikufa wote kwa ndui mwaka mmoja, kabla mzungu wa kwanza hajaonekana mlimani.